Picha ya kifua imezua balaa: nimeambiwa nilete makohozi siku tatu, je, Kanada ndio wamenikataa?

#1 Mchomeleaji_Kario

Wadau, habari za jioni. Niko Kariobangi Light Industries, nachomelea mageti, madirisha na stendi za matangi. Nimepata mwaliko wa Kanada kupitia Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, kundi la mafundi. Kwa wasiojua, tangu 21 Agosti 2025 mtu wa Express Entry anapimwa afya kabla ya kutuma maombi, hangoji kuitishwa kama zamani. Basi nikaenda na mke wangu kwa daktari aliye kwenye orodha yao, tukalipa, tukapimwa urefu, uzani, macho, presha, mkojo, damu na picha ya kifua. Yeye akamaliza akaenda zake. Mimi nikarudishwa chumba cha picha, nikapigwa nyingine. Kesho yake simu ikalia: leta makohozi ya asubuhi, siku tatu mfululizo.

Nauliza kuna nini, naambiwa daktari ameona kitu, tungoje maabara. Kitu gani? Hakuna jibu. Nakala ya picha sikupewa. Sikohoi, sijakonda, jasho la usiku sina. Maabara wanasema kuotesha makohozi waone kama kuna TB kunaweza kufika wiki 8, na mwaliko wangu una siku 60 tu za kutuma maombi. Pigeni hesabu wenyewe.

Swali langu: hapa nimeshakataliwa kwa adabu, ama kuna mtu aliyepitia haya akavuka?

#2 Nilirudi_Doha

Pole ndugu, sitakuficha. Umeenda na maji. Mimi nilikuwa nimeshafanya kazi Doha, nikataka kurudi kwa mkataba mpya, wakaona kovu kwenye pafu. Si ugonjwa, kovu! Mfumo ukaandika sifai, basi. Ajenti akaniambia ninywe maziwa kila asubuhi yasafishe kifua kabla ya kurudia picha. Nikanywa mpaka nikawa siwezi kumtazama ng'ombe usoni. Picha ya pili kovu liko palepale, linanicheka.

#3 Makanga_Mstaarabu

@Nilirudi_Doha maziwa yanashuka tumboni, picha ni ya mapafu. Huyo ajenti alisomea udaktari Gikomba?

#4 Nilirudi_Doha

Cheka tu. Ukiwa na karo ya watoto watatu shingoni hata mafuta ya taa utakunywa.

#5 MkenyaWaRegina

Doha, unamtia mwenzako tumbo joto bure. Ghuba na Kanada ni vitu viwili. Kule wanachukua mtu wa mkataba, na kovu la TB ya kale linatosha kukufungia mlango. Kanada wanachotaka kujua ni kama una TB hai inayoweza kuambukiza. Ukiwa nayo unatibiwa kwanza, ukimaliza dawa na vipimo vikitoka safi faili inaendelea. Ukiwa na alama ya zamani isiyo na wadudu hai, unapita kwa sharti la ufuatiliaji: ukitua una siku 30 za kujitambulisha kwa afya ya umma ya mkoa unakoishi.

Naongea kwa sababu mimi ni mmoja wao. Picha yangu ilikuwa na alama juu ya pafu la kulia, makohozi yakaoteshwa, hayakuota kitu. Nikapata ukaaji wa kudumu pamoja na ile karatasi ya ufuatiliaji. Hapa Regina nilipiga simu, nesi akanihoji, nikapigwa picha nyingine, wakaniambia nikianza kukohoa nirudi. Kazini hakuna aliyejua wala kuuliza.

#6 Mchomeleaji_Kario

Shukran @MkenyaWaRegina, leo nitalala. Ila ulingoja muda gani? Mimi shida yangu kubwa ni zile siku 60.

#7 MkenyaWaRegina

Makohozi yenyewe karibu miezi miwili. Lakini wakati wangu ulikuwa unatuma maombi kwanza, kisha unaitwa kupimwa, kwa hivyo saa haikuwa inanikimbiza hivyo. Kwa utaratibu mpya wacha waliopitia waseme.

#8 NesiMstaafu

Hamjambo wanangu. Nimefanya kazi wodi ya kifua miaka mingi kabla ya kustaafu, na naona hapa watu wanachanganya mambo.

Kwanza, daktari wa orodha si hakimu. Anapima, anaandika, anatuma kwa mtandao kupitia eMedical, kisha maafisa wa afya wa idara ya uhamiaji kule ndio wanaoamua. Ndiyo maana kliniki haiwezi kukuambia umepita au umeanguka, hata ukiwabembeleza. Faili inapewa daraja A au B. A ni kwamba hakuna kitu kikubwa kilichoonekana, B ni kwamba kuna kitu cha kuangaliwa. Watu wakisikia B wanaanza kulia, na B si kukataliwa.

Pili, kwa nini makohozi mara tatu? Kwa sababu wadudu hawatoki kila siku. Sampuli moja inaweza kuwa safi na ya kesho ikawa nao. Wanataka ya asubuhi kwa sababu kifua kimekusanya usiku kucha. Mwanangu, suuza mdomo kwa maji matupu, simama mahali penye hewa, vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kutoka chini kabisa. Usiwapelekee mate. Nimeona vikopo vingapi vya mate, vinarudishwa na mtu anaanza upya.

Tatu, hapa kwetu kuna mashine ya GeneXpert inayotoa jibu ndani ya saa mbili hivi, na mtu atauliza kwa nini wasitumie hiyo. Ile inasoma chembe za urithi za mdudu, hata mdudu aliyekufa anaweza kuonekana kwa mtu aliyewahi kutibiwa. Kuotesha kunaonyesha kama yupo hai. Mdudu wa TB anakua polepole sana, ndipo wiki 6 hadi 8.

Nne, kusema "sikohoi" hakutoshi. Kenya imo kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na utafiti wa kitaifa wa 2016 ulionyesha kwamba wapo wagonjwa wengi ambao maswali ya dalili pekee yangewakosa, picha ndiyo iliyowakamata. Usiogope, lakini pia usijitie hamnazo.

Nauliza: uliwahi kutibiwa kifua?

#9 Mchomeleaji_Kario

Asante mama. Nijuavyo mimi, hapana.

#10 FundiWaJogooRoad

Fundi mwenzangu, mbona hakuna anayetaja kazi yako? Umechomelea miaka mingapi bila barakoa ya maana? Moshi wa elektrodi una vumbi la chuma, unakaa kwenye mapafu na kwenye picha unatoka vidoti vidoti. Kuna mwenzetu aliambiwa hivyohivyo hospitalini, wakamtilia shaka ya TB, makohozi yakawa safi, mwishowe daktari akamuuliza kazi yake ni gani. Mwambie daktari wako unachomelea, tena umwambie ndani ya vibanda visivyo na dirisha.

#11 NesiMstaafu

@FundiWaJogooRoad umenena. Hali hiyo ipo na inajulikana kwa wachomeleaji. Tena mara nyingi haina madhara makubwa, na mtu akiacha moshi vile vidoti hupungua. Tofauti na vumbi la mawe. Wale vijana wa machimbo ya Ndarugo wanaokata mawe ya kujengea, vumbi lao lina silika, linaharibu pafu kabisa na linamfungulia TB mlango.

#12 MzeeWaKasarani

Mimi nasema ni moshi wa kuni. Sisi tuliolelewa Murang'a kwenye jikoni isiyo na bomba, mapafu yetu ni kama dari la jikoni ile. Watoto wa siku hizi wamelelewa kwa gesi hawajui. Mchomeleaji, ulikulia wapi?

#13 Mchomeleaji_Kario

Kakamega, mzee. Kuni tupu, na nilikuwa napuliza moto mimi.

#14 MzeeWaKasarani

Si nilisema!

#15 MamaPacha_Umoja

Mimi nilirudishwa kwenye picha kama wewe, nikalia kwenye matatu mpaka Donholm. Kumbe ni misuko yangu! Nywele ndefu zilikuwa zimelala begani, kwenye picha zikatoka kama ukungu juu ya pafu. Wakanifunga nywele juu, wakapiga tena, kwisha. Kina dada, mnaposikia toa mkufu na sidiria, ongezeni na rasta. Kaka una nywele ndefu?

#16 Mchomeleaji_Kario

Nina kipara, dada.

#17 Makanga_Mstaarabu

😂😂 hapo nadharia ya misuko imeshuka Donholm.

#18 BintiWaSouthB

Na ile chanjo ya mkono wa kushoto tuliyodungwa tukiwa wachanga? Nilisikia ndiyo inawafanya Waafrika wote waonekane wana TB.

#19 NesiMstaafu

@BintiWaSouthB chanjo hiyo, BCG, haionekani kwenye picha ya kifua hata kidogo. Inachoweza kuvuruga ni kile kipimo cha kudunga chini ya ngozi ya mkono kisha wanapima uvimbe baada ya siku mbili tatu. Ndiyo maana Wamarekani kwa watoto wa kutoka nchi kama yetu hutumia kipimo cha damu, kinachoitwa IGRA, ambacho BCG haikidanganyi. Huyu ndugu wamemwona kwenye picha, kwa hivyo kovu la chanjo halihusiki.

#20 DktMtarajiwa

Wengine hapa mnarukia mapafu moja kwa moja. Picha ya kifua inaonyesha pia moyo. Mtu mwenye presha ya muda mrefu moyo wake huwa mkubwa. Halafu kuna picha iliyopigwa bila kushika pumzi vizuri, mapafu yakaonekana yamejaa. Angepigwa moja tu ningesema ni hiyo.

#21 FundiWaJogooRoad

@DktMtarajiwa moyo mkubwa ungeulizwa makohozi? Soma uzi.

#22 DktMtarajiwa

Nimesoma. Nasema tu kwamba hakuna anayejua mpaka aione picha. Hapa kuna nesi mmoja na waganga kumi.

#23 SaibaYaTao

Ndugu mwenye uzi, njoo inbox. Tuna njia ya kupata cheti cha afya kilichopita, mtu wetu yuko ndani. Wengi wamesaidika.

#24 MkenyaWaRegina

Wasimamizi, mtoeni huyu. Hakuna cheti cha kubeba mkononi! Kliniki inakupiga picha ya uso, inakagua pasipoti, na majibu yanaenda moja kwa moja kwa mtandao. Unauza karatasi isiyo na pa kuipeleka.

#25 Wakili_wa_Ngara

Naongezea hapo kwa uzito. Ukipatikana umedanganya au umeficha jambo la maana, sheria ya uhamiaji ya Kanada kifungu cha 40 inakufungia miaka 5. Hata mwenzako wa ndoa kwenye faili hiyohiyo anaumia. TB ina tiba, na hapa dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Udanganyifu hauna dawa.

Sasa turudi kwenye siku 60, maana hapo ndipo penye kazi. Unachotakiwa kupakia na maombi ni uthibitisho kwamba umefanyiwa vipimo, ile karatasi ya eMedical au fomu IMM 1017B anayokupa daktari. Hutakiwi kupakia majibu, na huna hata namna ya kuyapata. Kwa hivyo ninavyosoma mimi, kuotesha kunaendelea huku, maombi yanatumwa huku. Tuma kabla siku hazijaisha, ambatisha barua fupi ya kueleza kwamba kuna kipimo cha ziada kinasubiriwa.

#26 KapuLaWagombea

@Wakili_wa_Ngara mimi sikubaliani. Vipimo havijaisha mpaka daktari afunge faili na kuiwasilisha. Akipakia karatasi ya vipimo ambavyo bado viko maabara, afisa mkali anaweza kusema maombi hayajakamilika na kuyarudisha. Bora akatae mwaliko kwa hiari. Ukikataa unarudi kapuni, yaani kwa wanaongoja kualikwa, na alama zako, unangoja mchujo mwingine. Ukiuacha uoze bila kujibu ndio wasifu unafutwa, na itabidi uanze upya.

#27 Wakili_wa_Ngara

Kurudi kapuni si bure. Mchujo wa mafundi hauji kila wiki, na akifikisha siku ya kuzaliwa akapoteza alama za umri je? Alama zinaanza kushuka ukifika 30.

#28 KapuLaWagombea

Na maombi yakirudishwa si atakuwa amepoteza vyote? Mimi ningemuuliza daktari swali moja tu: unanipa karatasi ya kuthibitisha leo, au mpaka kuotesha kuishe? Jibu lake ndilo litaamua.

#29 Mchomeleaji_Kario

Karatasi walinipa siku ya kwanza, kabla ya kunipigia simu. Ina namba na picha yangu.

#30 Wakili_wa_Ngara

Basi tuma.

#31 KapuLaWagombea

Ilitolewa kabla ya kipimo cha ziada kuombwa, kwa hivyo haisemi lolote kuhusu hicho. Mimi bado niko palepale.

#32 MamaPacha_Umoja

Mmemwacha fundi katikati kama abiria wa Roysambu saa ya mvua. Mwambieni moja!

#33 MzeeWaKasarani

Nikiwa bado hapa, nami nina langu. Binti yangu yuko Calgary anataka kutuchukua mimi na mama yake. Nina sukari na presha, nimezoea dawa zangu. Jirani ananiambia mwenye sukari hakanyagi Kanada.

#34 Wakili_wa_Ngara

Shikamoo mzee. Jirani amesikia nusu. Kuna sababu tatu za kiafya za kukataliwa: hatari kwa afya ya umma, hatari kwa usalama wa umma, na kuwa mzigo mkubwa mno kwa huduma zao za afya na jamii. Hiyo ya tatu wanaipima kwa pesa. Kiwango cha 2025 kilikuwa dola 27,162 za Kanada kwa mwaka. Gharama ya matibabu yako ikikisiwa kupita hapo, unaandikiwa barua ya kukupa nafasi ya kujieleza kabla ya uamuzi. Mume, mke na watoto wanaodhaminiwa wamesamehewa kipengele hicho, na wakimbizi pia. Wazazi hawajasamehewa, kwa hivyo kwako kinahusika.

Dawa za sukari na presha za kawaida kwa kawaida hazifiki kiwango hicho. Kinachoogopwa ni figo kufika mahali pa kusafishwa damu. Ndiyo maana wanapima mkojo, na damu ya kuangalia figo. Dhibiti sukari, nenda na kitabu chako cha kliniki na majina ya dawa zote.

#35 MzeeWaKasarani

Marahaba wakili. Jirani nitampelekea hii. Na kwa nini bibi yangu apimwe kama yeye ndiye hataki kwenda? Anasema atabaki na kuku wake.

#36 Wakili_wa_Ngara

Mzee, hapo umegusa pabaya kuliko TB. Mtu wa familia asiyesafiri naye hutajwa, na kwa kawaida hupimwa. Mwombaji akimficha mke au mtoto, huyo hakupimwa, basi siku za mbele anazuiwa kumdhamini kama familia. Ni kanuni 117(9)(d), imeumiza Wakenya wengi.

#37 Makanga_Mstaarabu

Wanaume wa Nairobi wenye mtoto Nakuru na mwingine Kisii, mmesikia? Kimya kimeingia ghafla kwenye uzi.

#38 BaloziWaKayole

Na kama mama ya mtoto hataki kumtoa apimwe? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#39 Makanga_Mstaarabu

Msalimie huyo rafiki 😂

#40 Wakili_wa_Ngara

@BaloziWaKayole mwambie rafiki amtaje kwenye fomu bila kukosa. Aeleze kwa maandishi kwamba mtoto yuko kwa mama yake na kwamba amejaribu kumpeleka, aweke ushahidi wa majaribio hayo, na afisa aamue. Mtoto anahesabiwa kuwa tegemezi akiwa chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Tangu 9 Septemba 2019 kuna sera ya kuwahurumia baadhi ya waliokwisha kunaswa, lakini ina masharti, asiitegemee kama mpango wa kwanza.

#41 MamaPacha_Umoja

Mimi mmoja wa pacha wangu ana usonji, anasoma darasa maalum. Ndiyo hofu yangu na sijawahi kuiandika mahali. Nimesikia familia zilikataliwa kwa sababu ya mtoto kama huyu.

#42 MkenyaWaRegina

Dada, hayo yalikuwepo kweli na yalileta kelele kubwa huku. Mwaka 2018 walibadilisha: kiwango cha gharama kikapandishwa mara tatu, na elimu maalum ikaondolewa kwenye hesabu, pamoja na huduma za usaidizi wa kibinafsi. Ukisoma visa vya zamani mtandaoni angalia tarehe kwanza. Nenda na ripoti zake za shule na za daktari, usiache daktari akisie.

#43 MamaPacha_Umoja

Mungu akuzidishie. Nimemsomea mume wangu, hakuamini mpaka nikamwonyesha.

#44 MkaziWaPerth

Naona Kanada imewameza nyote. Australia pia ina kiwango, tangu 1 Julai 2024 ni dola 86,000 za Australia, na kwa mtu wa ukaaji wa kudumu kwa kawaida wanakadiria gharama za miaka 5. Huku unapewa namba ya HAP, namba ya faili yako ya afya, kabla ya kwenda kupimwa, bila hiyo kliniki haikugusi.

#45 BintiWaSouthB

Na HIV jamani? Watu wanaizunguka.

#46 NesiMstaafu

Kanada inapimwa kuanzia miaka 15, pamoja na kaswende. Kuwa nayo si kukataliwa papo hapo, wanaangalia gharama ya dawa dhidi ya kile kiwango alichosema wakili, na wenzi wanaodhaminiwa wamesamehewa. Marekani waliondoa marufuku yao, ikaisha rasmi 4 Januari 2010, na tangu hapo si kigezo tena cha kumzuia mhamiaji. Ghuba bado wanafukuza. Mtu aende na barua ya kliniki yake na majibu ya wingi wa virusi, asiingie akijificha.

#47 Nilirudi_Doha

Hata mjamzito Ghuba wanamrudisha.

#48 GriniKadi_Bado

Upande wa Marekani nawaonya wenye bahati nasibu ya grini kadi. Binamu yangu alishinda, akaitiwa makohozi Julai. Ile bahati nasibu inafungwa 30 Septemba kila mwaka, viza isipotoka siku hiyo imekufa, hakuna kuomba radhi. Majibu yalirudi safi, mahojiano yakawa yamejaa. Alikosa hivyohivyo akiwa mzima. Sasa kila mtu nyumbani ana sababu yake: mama anasema alirogwa, mimi nasema alichelewa kujaza fomu ya viza, DS-260, yeye analaumu maabara.

#49 MkaziWaPerth

Marekani pia wanadai chanjo, Kanada na sisi hatudaiwi hivyo. Sindano zetu za utotoni, surua na rubella za miezi 9 na 18, hazina matubwitubwi, kwa hivyo MMR, ile ya yote matatu, unaitafuta upya. Tetekuwanga haimo kabisa kwenye ratiba ya serikali. Ile ya Covid waliiondoa mwaka 2025.

#50 MwanafunziWaLeeds

Uingereza wao TB peke yake, kwa viza inayozidi miezi 6. Unaenda IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hapohapo Nairobi, cheti kinaishi miezi 6. Mimi nilikipata siku hiyohiyo.

#51 Makanga_Mstaarabu

Ulikuwa huna misuko.

#52 Mchomeleaji_Kario

Wadau nimerudi. Makohozi yote matatu nimepeleka. Leo nimempigia mama Kakamega nikamuuliza swali la @NesiMstaafu. Anasema nikiwa darasa la pili nilikunywa vidonge miezi mingi, mkojo wangu ukawa wa rangi ya machungwa, jirani wakasema nimerogwa. Hakumbuki dawa zilikuwa za nini. Kadi ilipotea zamani. Je, hiyo ni TB? Na nikimwambia daktari sasa, si ataona nilificha?

#53 NesiMstaafu

Mwanangu, rifampisini ndiyo inayotia mkojo rangi hiyo, na miezi mingi ya vidonge inafanana sana na matibabu ya TB. Lakini siwezi kuapa, dawa hiyo hutumika na kwa maradhi mengine. Nenda kesho umwambie daktari maneno hayohayo: mama anakumbuka hivi, kadi haipo. Hukuwa unajua, na umekwenda mwenyewe kabla ya majibu. Ulizia pia kwenye kile kituo mlichokuwa mkienda kama bado wana daftari la wagonjwa wa TB la miaka hiyo. Wakiwa nalo, nakala yake ina thamani kwako.

#54 FundiWaJogooRoad

Na bado usiache kumtajia uchomeleaji. Kovu la TB hukaa mahali pake kwenye pafu, vidoti vya chuma vinatapakaa kotekote. Daktari akijua vyote viwili atasoma picha vizuri.

#55 MzeeWaKasarani

Na kuni.

#56 KapuLaWagombea

Sasa ikiwa historia ya TB inaongezwa kwenye faili, wanaweza kumtaka arudie picha baada ya miezi kadhaa walinganishe na hii. Hapo siku 60 zimeisha kabisa. Kataa mwaliko, fundi.

#57 Wakili_wa_Ngara

Wakitaka picha ya kulinganisha wataitisha wenyewe baada ya maombi kuingia, na faili itakuwa na foleni yake. Akikataa leo, ajiandae kulipia vipimo tena ikiwa hivi vitapitisha miezi 12 kabla mwaliko mwingine haujaja. Tuma na barua ya maelezo.

#58 Mchomeleaji_Kario

Zimebaki wiki chache. Kesho naanzia kwa daktari, jioni nitaandika. Mke wangu amesoma uzi wote, yuko upande wa wakili.

#59 BintiWaSouthB

Samahani kuingilia. Nimepangiwa vipimo Ijumaa, na siku zangu za mwezi zinaanza Alhamisi. Niende tu?

#60 NesiMstaafu

Piga simu uhamishe tarehe, damu ikiingia kwenye mkojo watakuitisha tena na utalipa mara mbili. Na beba miwani yako kama unavaa.